Mwaka Nilipopima Mapasa wa Kamina

Mzee aliyeketi kiti cha nyuma kabisa aliinua mkono kabla sijampa mtu yeyote ruhusa ya kuuliza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeongoza jury, jopo la watahini, siku ile, nilikasirika kidogo. Mwanafunzi wetu, msichana mwerevu, alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho hapa Lubumbashi. Alipima shinikizo la damu la waume na wake zao, jozi kwa jozi, kila jozi mara sita, apate kujua kama la mmoja likipanda la mwenzake nalo hupanda. Grafu yake ilipendeza, rangi mbili safi, na chini kwenye mstari wa kulala aliandika: ziara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Mzee hakungoja. "Mamzele," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "katikati ya ziara ya pili na ya tatu kuko siku ngapi? Na bwana na bibi banakuyaka bote siku moya?" Msichana akageuka, uso umemwiva kwa haya. "Nkambo, nakuomba, unyamaze!" Kumbe alikuwa babu yake. Ukumbi mzima ukacheka, mimi sikucheka, maana sauti ile niliijua. Nikasema swali la mzee, la siku na la kuja pamoja, liandikwe, na lijibiwe. Ndipo akanitazama vizuri, akavua kofia. "Odette?" Nikamjibu kama tulivyojibu wakubwa kwetu: "Eyo, vidye." Karatasi zangu zilimwagika chini zote. Nilimkumbatia Docta Séverin mbele ya maprofesa wenzangu, nikalia kama mtoto, na wala sikuona haya.

Watu huniuliza takwimu nilisomea wapi, nami huwatajia vyeti kwa mpangilio. Ukweli ni kwamba nilisomea Kamina, katika mwaka mmoja, ndani ya chumba cha darasa kilichonuka uji na mikojo ya watoto wachanga. Ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ule vita vya pili vilipoanza. Nilikuwa na miaka ishirini, diploma yangu ya hesabu mfukoni, na chuo nilichotaka kwenda kilikuwa mbali kuliko treni zilizobaki. Shule zilikuwa zimefungwa, walimu wanalima mihogo. Docta Séverin aliomba darasa moja tupu kwa watu wa kanisa, akatundika mizani kwenye boriti, ile ya ndoano yenye kaptula ya kitambaa ambamo mtoto huingizwa miguu akaning'inia, kisha akatangaza kwamba kila mama aliyezaa mapasa, yaani pacha, alete watoto wapimwe, wapewe maziwa na unga wa soya. Alitafuta mtu wa kuandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri na njaa, basi akanichukua.

Mawe, mama wee! Kile chumba! Kwetu mwanamke akizaa mapasa, jina lake linakufa siku hiyohiyo. Anakuwa Mama Mapasa mpaka kaburini. Wa kwanza kutoka tumboni huitwa Kyungu, wa pili Kabange, wawe wavulana au wasichana. Sasa wewe fikiria wanawake thelathini chumbani: ukiita "Mama Mapasa!" wanaitika wote, ukiita "Kabange!" wananyanyuliwa watoto thelathini. Ilibidi niwaite kwa mahali walipotoka: Mama Mapasa wa Sokoni, wa Reli, wa Kinkondja, aliyekuja na samaki wa moshi wa ziwani hata madaftari yangu yakanuka samaki. Halafu nyimbo. Kila mama mpya akiingia, wenzake humpokea kwa nyimbo za mapasa, na nyimbo hizo, mwenye kuzijua anazijua, zinataja kila kitu ambacho nguo zinafunika. Ma Jeanne, mke wa shemasi, aliyepika uji barazani, alikuwa akianzisha wimbo wa kanisani kwa nguvu zote ili kuzifunika. Hakuwahi kushinda hata siku moja, na mara nyingi nilimwona mwiko wake ukifuata mdundo wa wale wengine. Watoto walipakwa pemba, udongo mweupe wa baraka, kuanzia paji la uso mpaka tumboni. Docta alinung'unika kwamba anapima udongo, si watoto. Akina mama wakamjibu apunguze yeye tumbo lake kwanza.

Nilifurahi mwaka ule, niseme wazi. Nasikia aibu kidogo kusema hivyo, maana redio ilisema mambo mengine, na kule Base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, ndege zilishuka na kupanda na waume wa watu walikuwa wakiondoka bila kuaga. Lakini furaha haiombi ruhusa kwa redio. Saa sita Ma Jeanne alitupakulia bukari, ndio ugali, na sombe ya majani ya mihogo, tukala watatu kwenye sinia moja, mimi, yeye na Docta, tukibishana. Docta alipenda kunifundisha kwa vidole vilivyojaa bukari. "Mapasa, Odette, si watoto wawili. Ni jozi. Nyumba moja, ziwa moja la mama, malaria moja. Kama unataka kujua mmoja anabaki nyuma, usimulinganishe na mutoto wa Ulaya. Mulinganishe na ndugu yake, kila mwezi, uone ile nafasi katikati yao inapanuka ao inabaki." Maneno hayo ndiyo ninayowafundisha wanafunzi wangu leo, ila kwa herufi za Kigiriki na bila bukari.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa kosa la mtoto aliyelelewa vizuri. Kwetu pasa hapewi kitu peke yake. Ukimnunulia Kyungu kofia, Kabange naye kofia. Ukimsalimu mmoja, geuka umsalimu wa pili. Na kuandika jina la mmoja ukaacha nafasi tupu kando yake? Haifai! Ni kama kusema mwingine hayupo tena duniani. Mwanzoni hapakuwa na shida: mama alikuja na wote wawili, mstari mmoja daftarini, tarehe moja, uzito mara mbili. Kisha vita vilisogea, barabara zikajaa vizuizi, na mama wengine wakaanza kuja na mtoto mmoja mmoja. Mimi nilifanyaje? Niliandika uzito wa aliyekuja kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha karatasi. Mwenzake alipokuja, hata baada ya wiki kadhaa, ndipo nilipowaandika wote wawili kwenye mstari mmoja kwa wino, nikaweka tarehe moja, ile ya aliyekuja mwisho, kisha karatasi ikaenda kuwashia moto wa uji. Niliona nimefanya jambo la heshima. Hata leo, nikiwasahihisha wanafunzi kosa hilohilo, siwezi kuwakaripia sana.

Kati ya wote nilimpenda zaidi Mama Mapasa wa Base. Alikuwa mke wa askari, mtu wa mbali, wa mkoa wa Équateur, na Kiswahili alikuwa amekiokota kambini humohumo akikichanganya na Lingala. Majirani wake Waluba ndio waliowapa watoto wake majina yetu. Mume wake alipelekwa upande wa vita kabla watoto hawajatimiza mwezi, na hakuna barua iliyorudi. Mwanamke mwembamba, mcheshi, aliyetaniana na Docta kuliko wote: alimwita "shemeji" mbele ya watu, Docta anakohoa. Kutoka Base hadi mjini ni mbali. Alipata nafasi nyuma ya baiskeli ya mwanamume mmoja mwuza makala, yaani makaa, aliyekuja mjini siku ya tatu tu, yaani Jumatano, na nyuma ya baiskeli ile, juu ya gunia, palitosha mama mmoja na mtoto mmoja.

Jumatano moja Docta alichora ubaoni mistari ya watoto wa mama huyu, akasimama mbele ya ubao akiipima nafasi katikati yao kwa vidole. Nilijua mambo si mazuri. Wakati wa kuzaliwa Kabange alikuwa pungufu kwa Kyungu gramu mia nne. Sasa mstari wa Kyungu ulipanda vizuri, wa Kabange ulikuwa umelala: nafasi kati yao ilifika karibu gramu mia saba mara iliyotangulia, na siku ile, kilo nzima. Mama alikuwa amekuja na Kyungu tu, lakini Docta alichora kutoka daftarini, na daftarini wote wawili walikuwa na tarehe moja. Docta alimketisha. Akamwambia kwamba Jumamosi ndege ya mizigo itatua uwanja wa mjini na kuendelea Lubumbashi, kwenye hospitali kubwa, na kwamba yeye amepiga magoti kwa wakubwa mpaka akapata nafasi moja ya mama na mtoto mmoja. Mama huyu na Kabange. Kyungu abaki kwa majirani.

"Abaki?" Mama akacheka, akidhani ni utani wa siku zote. Kisha akaona uso wa Docta, akajishika kifua. "Docta, maziba iko hapa, kwangu. Kyungu atanyonya nani? Na kule Lubumbashi nitarudia na nini? Vita ikifunga njia?" Docta alisema ni mwezi mmoja, labda miwili. Alisema mtoto anayelala hivi kwenye mstari siku moja haamki. Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama aliinuka. Alitoka nje barazani, akajifunika uso kwa kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu chumba kile kifunguliwe hakuna aliyeimba.

Nilibaki ndani nikipanga fishi, zile kadi za watoto, na kupitia dirisha lisilo na kioo nikamsikia Ma Jeanne akimbembeleza, akimuuliza kama kweli hakuona mtoto akidhoofika. "Ma Jeanne," Mama akasema, "huyu Kabange njo nachungaka kupita. Kila mara nikipata kinga, baiskeli ya makala, naanza kumuleta ye, juu ye njo mudogo, ye njo ananiogopesha. Kyungu anakuyaka nyuma. Hii mara Kyungu amengoya wiki ine!" Wiki nne. Fishi zilinitoka mikononi. Uzito wa Kabange uliokuwa ubaoni ulikuwa wa wiki nne nyuma, wakati Kyungu alikuwa amepimwa asubuhi ileile, na mimi, kwa heshima yangu yote, nilikuwa nimewapa tarehe moja! Kadiri mama alivyomwogopea Kabange na kumtanguliza, ndivyo daftari langu lilivyomrudisha nyuma. Mapenzi yake ndiyo yaliyokuwa yanamlaza mtoto kwenye mstari.

Mtu angedhani nilikimbia kwa Docta papo hapo. Sikukimbia. Alhamisi nilifungua mdomo mara mbili nikauliza mambo ya soya. Ijumaa sikugusa bukari, Ma Jeanne akaniuliza kama nina mimba. Niliogopa kazi, ndiyo, lakini zaidi niliogopa jambo jingine: itakuwaje nikiwa nimekosea? Tarehe za kweli sikuwa nazo, nilizichoma. Nikimzuia mama asipande ndege kwa hesabu ya kichwani, kisha Kabange akafa, nitaishi vipi? Nimeketi kwenye mikutano mingi ya wataalamu wakizungumza juu ya uhakika na mashaka. Hakuna hata mmoja ulionitoa jasho kama Ijumaa ile.

Jumamosi, siku ya posho, lori la jeshi lilimleta Mama Mapasa wa Base mapema, watoto wote wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, pamoja na majirani wanne waliokuja kumpokea Kyungu na kumsindikiza yeye. Ndege ilitegemewa saa sita. Docta alikuwa anaandika barua ya hospitali. Nilisimama katikati ya chumba nikasema kwa sauti kubwa kupita kiasi: "Docta, ule mustari iko ya uongo. Mimi njo niliudanganya." Nikaeleza yote, karatasi, moto wa uji, tarehe moja. Niliposema sikutaka kuacha nafasi tupu kando ya jina la pasa, wanawake wakatikisa vichwa: ni kweli, haifai. Docta alitupa kalamu. "Odette! Nilikuachia kazi moya tu. Kuandika!" Hajawahi kunipigia kelele kabla wala baada ya siku ile. Kisha akatazama saa yake. "Siku za kweli ziko wapi?"

"Ziko kwa mama," nikasema. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kwa sababu ya mwuza makala, kila safari yake ilikuwa Jumatano. Tulihitaji kujua Jumatano ipi tu. Mama akafumba macho. Safari ya Kabange kabla ya hii ya mwisho? "Mvua ya mawe ilipiga. Nilijificha kwa Ma Jeanne." Ma Jeanne akadakia kwamba mvua hiyo ilitoboa paa la kanisa siku nne kabla ya ubatizo, na tarehe ya ubatizo aliijua. Jirani mmoja akabisha, mvua za mawe zilikuwa mbili. Wakapigana maneno mpaka ikakumbukwa kwamba ile ya kwanza ilinyesha Jumapili. Safari ya mwisho ya Kabange? "Weye Odette ulisuka upya, ukavaa ile robe ya kijani, tukakuuliza bwana ni nani." Chumba kizima kilijua Jumatano hiyo, mimi peke yangu ndiye niliyejifanya sijui. Docta alikuwa bado amekunja uso. "Bantu banaweza kukumbuka vile banapenda," akasema. Ndipo Mama akamgeukia. "Na weye shemeji, umesahau? Ile siku Kabange alikukojolea ile krava ya bluu. Ulikuwa unaenda kuonana na wakubwa ba jeshi!" Docta akainua mkono kushika kifua chake, mahali pa tai. Alikumbuka. Alikumbuka tarehe, kwa kuwa hao wakubwa walimwandikia barua ya mwaliko, na alikumbuka kwamba siku hiyo mtoto aliyemnyanyua alikuwa mmoja tu.

Chaki zilikuwa zimekwisha mjini miezi mingi, zile za Docta zilikuwa vipande kama kucha. Mama akanipa bonge la pemba kutoka kwenye kitambaa chake. Nilifuta ubao wote. Chini, mahali pa ziara ya kwanza, ya pili, ya tatu, niliandika siku tangu kuzaliwa. Kyungu nikamwacha palepale. Vitone viwili vya mwisho vya Kabange nikavirudisha kushoto, kimoja wiki mbili, kingine wiki nne, kila kimoja kwenye Jumatano yake, kisha nikaviunganisha. Bonge lilikuwa nene, mstari ukawa na matuta. Lakini ulisimama! Ulipanda kando ya wa Kyungu, chini yake kidogo, gramu mia nne mwanzoni na gramu mia nne mwishoni. Kabange hakuwa anabaki nyuma. Alizaliwa mdogo, na alikuwa anakua kwa mwendo uleule wa ndugu yake.

Docta alisogea ubaoni mpaka pua yake karibu iguse pemba. "Vizuri. Mustari yako ikiwa ya kweli, leo Kabange iko na kilo ngapi?" Nikapima kwa jicho. "Tano na nusu." "Na yangu?" "Haifiki tano." Akavua saa, akaiweka mezani. "Leta mutoto. Na bamupanguse ule udongo wote." Mama alimfungua Kabange mgongoni, akampangusa, akamtia miguu ndani ya kaptula ya mizani, na mtoto akaanza kubembea na kupiga mateke, hataki mshale utulie. Sisi wote tuliizunguka mizani. Ma Jeanne alikuwa mlangoni na mwiko, uji unamdondokea miguuni. Nilisali, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, kwa kila jina la Mungu nililolijua. Mshale ukacheza, ukapita tano, ukarudi, ukapita tena, ukasimama. Docta aliusoma mara mbili. Kisha akageuka. Akatuonyesha kwa vidole, vitano, na kimoja alichokikunja katikati.

Mwee! Wanawake wale wa Base, na wale wa mjini waliokuwa wamefika, walianza wimbo mmoja wa mapasa ambao maneno yake sitayaandika hapa nikiwa hai, na safari hii Ma Jeanne, mke wa shemasi, aliitikia kila ubeti bila kukosea neno. Docta alichana barua ya hospitali. Akaandika nyingine, kwa ajili ya mwanamke wa mjini aliyekuwa na mimba ya shida, akamtuma mtu mbio na baiskeli ili nafasi isipotee. Kisha akaja mbele yangu. Nilidhani ananifukuza, na nilikuwa tayari. "Kesho unanunua kaye mbili," akasema. "Ya Kyungu yake, ya Kabange yake. Kila moya na tarehe yake." Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba akina mama hawatakubali mapasa kutenganishwa, hata kwenye madaftari.

"Nani alikudanganya?" Ilikuwa ni Mama Mapasa wa Base, kutoka kwenye benchi. "Kyungu alitoka siku ya tatu, jua linaangukia. Kabange akanitesa mpaka asubuhi ya siku ya ine. Hata siku ya kuzaliwa habana nayo moya! Andika, Odette. Minyi njo mama yabo, nakupatia ruhusa." Hakuna aliyebisha. Mambo ya mapasa, mama yao akisema, yamekwisha.

Saa sita na kidogo tulisikia ngurumo. Ndege ilipaa kutoka uwanjani, ikapita chini sana juu ya paa, bati zikatetemeka, na sote tukakimbilia barazani kuitazama, Docta mbele, mimi nyuma yake na mikono yangu myeupe ya pemba. Niliporudi ndani nilimkuta Mama peke yake. Hakuwa ameinua hata kichwa. Alikuwa amefungua blauzi yote, Kyungu huku, Kabange kule, wote wawili wananyonya kwa fujo, na yeye anawakemea kwa Lingala waache kupigana miguu.